Sabuni Yangu Juu ya Jiwe

Leo asubuhi nimefungua kopo la sabuni yangu ya kunyolea nikakuta magamba mawili ya dagaa yamenata juu yake, yanang'aa kama vifungo vya shati la bwana harusi.

Mimi ni mtu wa sabuni ngumu ya duara, ile inayosuguliwa kwa brashi yenye maji hadi itoe povu zito. Kipande cha gramu 100 hunifikisha miezi mitatu au minne nikinyoa kila siku, na kile ambacho hakijaguswa na maji hukaa kabatini miaka, kikapungua harufu kabla ya kupungua kazi. Adui wake ni unyevu. Ukilifunika kopo sabuni ikiwa mbichi, inalainika kama uji, na baadaye ukungu unaota pembeni. Kwa hiyo nikimaliza kunyoa humwaga maji yaliyobaki, na kwa kuwa bafu letu la wapangaji sita halijapata kukauka tangu lijengwe, huipeleka sabuni nje, juu ya jiwe. Hapa Mabatini, Mwanza, tunaweza kukosa maji, mawe hatukosi. Jua kali nalo silitaki, maana huipasua. Nimechagua jiwe lenye kivuli na upepo wa ziwani.

Panya wamekwisha kuitafuna, kwa sababu ina mafuta ya ng'ombe. Kunguru aliwahi kuondoka nayo akaidondosha juu ya bati la jirani. Hao niliwasamehe.

Nilimwendea mama mwenye nyumba, ambaye kila alfajiri huleta dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, nikamwamkia kwa heshima zote.

"Marahaba, Baba Neema. Ile sabuni yako uliyoitupa jiweni haifai kitu."

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba sikuitupa, niliianika.

"Sabuni huanikwa? Kinachoanikwa ni dagaa."

Nikamfafanulia habari ya unyevu, ukungu na umri wa kipande. Alinisikiliza huku akichambua dagaa wake, kisha akakiri kwamba povu lilikuwa zuri, lilipanda kama maziwa yanayochemka, ila shombo lilibaki palepale kwenye beseni. Nikasema, kwa sauti niliyodhani bado ni ya kistaarabu, kwamba povu lile kazi yake ni kulainisha ndevu na kushika maji usoni ili wembe uteleze, wala halikukusudiwa beseni la mtu yeyote. Akanitazama kidevu, akauliza ni ndevu zipi hizo. Wapangaji wawili wakatoka nje kuja kushuhudia. Nasikitika kusema kwamba hapo nilipiga kelele: "Miezi minne, mama! Miezi minne!", na mtoto mmoja dirishani akadhani nadaiwa kodi. Mama mwenye nyumba akaingia ndani, akarudi na kipande cha sabuni ya mche kama fidia, akanikumbusha kwamba kodi yenyewe ni tarehe 5.

Sabuni yangu sasa ina unene wa sarafu ya shilingi 200. Nimekwangua tabaka la juu kwa kisu, nikanyoa hivyo hivyo, nikapanda daladala nikiwa nimevaa tai. Abiria aliyekaa kando yangu alivuta pumzi, akanigeukia kwa adabu, akaniuliza sado ya dagaa leo inauzwaje.