Rangi si cheti cha kuzaliwa

Makala hii kuhusu ramu, pombe ya miwa, ni nzuri, ila pale mwandishi anaposema weusi wa ramu hii ya toleo dogo (la chupa chache) unathibitisha umri wake, simfuati. Ramu ikitoka mtamboni haina rangi, ni kama maji. Pipa huipa rangi, kweli, lakini karameli (sukari iliyounguzwa) nayo huipa, na viwanda vingi huitia.

Mimi ningeuliza habari za pipa. Mengi ni ya mti wa mwaloni mweupe wa Marekani, yaliyounguzwa ndani kwa moto kisha yakalaza bourbon, wiski ya Marekani, kabla ya ramu. Moto ule ndio huufanya ubao utoe vanila. Harufu inayokaribia nazi ni ya mwaloni wenyewe. Makaa nayo hunyonya ukali wa salfa ulio kwenye ramu.

Halafu kuna joto. Karibiani pipa laweza kupoteza asilimia 6 au zaidi ya kinywaji kwa mwaka kwa mvuke, Scotland kama 2. Kwa hiyo miaka 12 ya Barbados, kisiwa cha huko Karibiani, si miaka 12 ya Scotland, na ukiiacha mno utakunywa ubao mtupu (nimewahi, sirudii). Chupa kuwa chache, basi, si ujanja wa soko peke yake.

Na hiyo miaka ya kwenye lebo, ni ya ramu changa kuliko zote mchanganyikoni, au ya kongwe?