Ukikaa London, Epping Forest ni yako pia

Nitasema wazi tu, Mswahili anayekaa East London miaka nenda rudi, Leyton, Ilford, Barking, Manor Park huko, na hajawahi kuingia Epping Forest, anajinyima kitu kikubwa ambacho wala hakina kiingilio. Tunajua njia ya kazini, tunajua Stratford kwa manunuzi, tunajua duka linalouza unga wa sembe na mihogo, basi. Wiki endi ikifika mtu kachoka na shifti za usiku, watoto kila mmoja na simu yake, na msitu upo hapo hapo juu, Central line inakufikisha, unashuka Loughton au Theydon Bois unatembea kidogo umeingia. Kila nikiwaambia watu wananijibu, porini tena? Si ndo tulikotoka? Hapana jamani, hili suala nalichukulia serious na ndio maana naandika.

Kwanza mjue ukubwa wake. Sio kichaka cha nyuma ya nyumba, ni kama hekta 2,400, msitu mwembamba mrefu unaoanzia viwanja vya Wanstead Flats karibu na Manor Park, ndani ya London kabisa, unapanda kaskazini mpaka Essex kufikia mji wa Epping. Kuna watu wanatembea wote kwa siku moja, toka Manor Park mpaka Epping, maili 15 hivi. Yaani kuna ndugu zetu hapo Manor Park wanaishi mlangoni mwa huu msitu na wanadhani ule ni uwanja wa mpira tu (viwanja vya mpira vipo kweli, vingi).

Ukishaingia ndani usikimbilie kupiga picha, angalia miti kwanza. Mialoni ipo, na ipo mingine yenye gome laini la kijivu, ukipitisha kiganja unahisi baridi na vijibonde vya majina ambayo watu wamechonga zamani yakapanuka pamoja na mti mpaka hayasomeki. Shina ni nene, fupi, limevimba, halafu likifika juu kidogo ya kichwa cha mtu linafumuka matawi makubwa mengi kwa pamoja, kila tawi ni kama mti mzima. Sio maumbile hayo, ni kazi ya panga na shoka. Wanakijiji wa huku kwa karne na karne walikuwa wanakata matawi kwa ajili ya kuni, na walikuwa wanakata juu makusudi ili machipukizi yasiliwe na ng'ombe na paa. Mti haufi, unachipua tena, wakirudi baada ya miaka kadhaa wanakata tena. Maana yake mtu asiye na ardhi hata hatua moja alikuwa na uhakika wa moto wa kupikia na wa kuota wakati wa baridi, na baridi ya huku mnaijua wenyewe.

Sasa hapa ndipo habari yenyewe ilipo. Pale Loughton hiyo haki ya kukata matawi ilikuwa ya mila, kila mwaka kuanzia Novemba mpaka Aprili. Miaka ya 1860 mabwana wa ardhi wakaanza kujimegea msitu, kila mtu anazungushia uzio kipande chake, London inakua, reli imefika, viwanja vina hela. Pale Loughton bwana wa ardhi alikuwa ndo huyo huyo kasisi wa kanisa. Akazungushia. Mzee mmoja mkata kuni, Thomas Willingale, akagoma, yeye na familia yake wakaingia na kukata matawi kama walivyozoea. Mwaka 1866 ndugu zake wakapelekwa mahakamani na kufungwa jela kwa kukata kuni ambazo baba zao na babu zao walikata bila kuulizwa. Mzee hakurudi nyuma. Kulikuwa na chama kilichoanzishwa 1865 kutetea ardhi za wote, kikamsaidia kufungua kesi, lakini akafariki 1870 kesi haijafika popote. Halafu likajitokeza baraza la City of London, ambalo lilikuwa na ardhi ya makaburi upande wa kusini wa msitu na kwa hiyo lilikuwa na haki ya malisho ndani ya msitu wote, likawashtaki mabwana wote wale, na 1874 likashinda, uzio ukaambiwa ni haramu. Sheria ya Epping Forest ikapitishwa 1878, msitu uwe wazi kwa watu, usizungushiwe tena. Malkia Victoria akaja mwenyewe High Beach, humo humo msituni, tarehe 6 Mei 1882 kuukabidhi kwa wananchi.

Mimi huwa naumia watu wakisimulia sehemu ya Malkia peke yake. Heshima ya huu msitu ni ya yule mzee na shoka lake na wale vijana waliolala jela. Na kuna uchungu mwingine ndani yake, kwa sababu sheria ile ile iliyookoa msitu ndo ikafuta haki ya kukata kuni, wanakijiji wakalipwa fidia, sehemu kubwa ya hela ikajenga ukumbi wa Lopping Hall pale Loughton uliofunguliwa 1884, upo mpaka leo unaweza kuuona ukitoka stesheni. Ndo maana matawi mengi ya ile miti ni mazito vile, yameachwa yakakua zaidi ya miaka 140. Watu wa kawaida walipigania msitu, wakaupata kwa ajili ya mamilioni ya watu wa London ambao hawakuwajua, na wao wenyewe wakapoteza kuni. Kwangu hilo ni deni.

Na sisi kutoka Afrika Mashariki tunalielewa hili kuliko hata majirani zetu Waingereza, kwa sababu tumeliona kwa macho. Mama Wangari Maathai alipigwa Januari 1999 pale Karura, Nairobi, kwa kosa la kwenda kupanda miche ndani ya msitu ambao wakubwa walishaanza kugawana. Leo watu wanakwenda Karura na watoto wao Jumapili. Anayejua habari ya Karura hawezi kupita Loughton kama mgeni.

Haya, tutoke msituni kidogo tuingie mashambani maana na huko kuna uhondo wake. Ukishuka upande wa Theydon Bois unakuta mashamba ya ngano na malisho ya farasi, na unakuta kibao kidogo cha mshale wa njano kwenye nguzo. Huo mshale unamaanisha njia ya miguu ya umma, hata kama inakatiza katikati ya shamba la mtu. Wa bluu ni ya miguu, baiskeli na farasi. Mwenye shamba hawezi kukufukuza ukiwa kwenye hiyo njia, na akilima juu ya njia inayokatiza shamba, sheria inampa siku 14 mara nyingi airudishe, angalau upana wa mita moja. Kwa hiyo mwezi wa sita utakuta ngano imefika kiunoni na katikati yake kuna kijia kimenyooka, udongo mkavu umepasuka, masuke yanakugusa mikono pande zote, na unapita zako. Unachotakiwa ni kufunga geti ulilolikuta limefungwa, na mbwa kama unaye umfunge kamba penye mifugo. Lakini tusidanganyane, nje ya hizo njia ardhi kubwa ya England imefungwa, eneo ambalo sheria inakuruhusu kuzurura unavyotaka ni kama asilimia 8 tu. Ndo sababu nyingine ya kuzitumia hizo njia.

Najua kinachowazuia wengi. Nyoka? Mwenye sumu huku ni mmoja tu, pili mdogo, na akisikia hatua zako anaondoka. Simba, chui, fisi hamna. Cha kuangalia ni kupe, vaa suruali ndefu na ujikague ukirudi nyumbani, na upupu wa huku ambao upo kila kona ya njia. Buti lazima, tope la Epping ni la mfinyanzi na baridi ikianza halikauki.

Halafu kuna lile ambalo watu hawalisemi kwa sauti, kwamba ukiingia kijijini ukiwa mweusi peke yako utaangaliwa. Ni kweli wakati mwingine utaangaliwa. Ila njiani msituni nimekuta kitu ambacho mtaani kwangu sikipati, watu wanasalimia. Mzee na mbwa wake, mama na kigari cha mtoto, wote, habari za asubuhi, kanyevu leo eh, wanapita. Mtu umekaa naye ukuta mmoja hajawahi kukwambia hujambo, na huku mtu usiyemjua anakusalimia kwanza. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunajua uzito wa hilo. Kama bado una wasiwasi nenda na kundi.

Na hapo ndo nakuja kwa viongozi wa jumuiya zetu. Kila mwaka tunachangishana kukodi basi kwenda ufukweni, sawa, endeleeni, lakini wekeni na siku moja ya msituni, nauli ni ya treni tu na chakula kila mtu abebe chake, chapati na chai ya chupa. Mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Mei ndo wakati mzuri kwa kuanzia, nendeni Chalet Wood ndani ya Wanstead Park, hapo karibu kabisa, sakafu yote ya msitu inakuwa ya bluu kwa maua yanayoitwa bluebells, na karibu nusu ya maua ya aina hiyo duniani yako Uingereza. Waambieni watoto wasitoke kwenye njia, ua likikanyagwa majani linachukua miaka kupona, na kung'oa kitunguu chake bila ruhusa ni kosa kisheria. Wenye wazee wasioweza kutembea mbali, Connaught Water pale Chingford kuna njia nzuri inazunguka ziwa, hata wheelchair inapita.