Ngano ya GMO: Mkulima wa Marekani Ana Sababu ya Kusitasita

Agosti 2024, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliruhusu ngano ya HB4 ilimwe nchini humo. Ni ngano iliyotiwa jeni ya alizeti ili istahimili ukame, tunda la utafiti wa Raquel Chan na wenzake huko Santa Fe, Argentina. Wakulima wengi wa Marekani hawajaikimbilia, na wanaowalaumu husema wanaiogopa sayansi. Lawama hiyo haina msingi. Zaidi ya asilimia 90 ya mahindi na soya ya Marekani ni ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni maabara, na wanaoipanda ni pamoja na hao hao wakulima wa ngano. Kinachowatia hofu ni soko: wanunuzi wa nje wanaweza kuikataa.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 2023 ukame uliwafanya wakulima wengi wa jimbo la Kansas waache mashamba bila kuvuna. Bioceres, kampuni inayoimiliki HB4, inasema panapokuwa na ukame mavuno yanaweza kuongezeka hadi asilimia 20. Kwa aliyepoteza msimu mzima, hilo si jambo dogo. Lakini faida yenyewe ni ya msimu mbaya, na hatari ya kukosa mnunuzi ipo hata mvua ikinyesha vizuri.

Hatari hiyo ilishaonekana katika jimbo la Oregon. Mwaka 2013 mkulima mmoja wa mashariki mwa jimbo hilo alipulizia glifosati, dawa ya kuua magugu, kwenye shamba alilolipumzisha, ili aue maotea ya ngano. Baadhi hayakufa. Vipimo vilionyesha ni ngano ya GMO ya kampuni ya mbegu ya Monsanto, ambayo haikuwahi kuidhinishwa kuuzwa, na ambayo kampuni ilisitisha mpango wake mwaka 2004. Japani ikasimamisha ununuzi wa ngano nyeupe ya ukanda huo, na Korea Kusini nayo ikajizuia. Ngano hiyo nyeupe hulimwa katika majimbo ya Oregon, Washington na Idaho, na sehemu kubwa huuzwa Asia kwa keki, biskuti na tambi. Watu ambao hawakupanda hata punje moja ya GMO wakawa wanaelekea kuvuna huku wateja wao wakubwa wamefunga mlango. Hakuna shehena ya biashara iliyokutwa na ngano ya Monsanto. Mwaka 2014 serikali ilifunga uchunguzi bila kujua ilifikaje shambani, na Monsanto ikalipa takriban dola milioni 2.4 kumaliza kesi za wakulima.

Shamba moja tu lilitosha kuleta yote hayo. Ngano kwa kawaida hujichavusha yenyewe, kwa hiyo tatizo kubwa ni punje zinazosafiri kuliko chavua. Kombaini, mashine ya kuvunia, hutoka kwa jirani ikiwa na punje zilizonasa ndani, lori hubeba mzigo wa huyu na wa yule, kisha ngano ya eneo zima humwagwa kwenye ghala moja. Kwa macho huwezi kuitenga HB4. Mmoja akiamua kuipanda, amewaamulia na majirani.

Argentina yenyewe ililijua hilo. Oktoba 2020 iliidhinisha HB4 kwa sharti kwamba Brazil, mnunuzi wake mkuu, ikubali kwanza. Brazil iliruhusu unga wake Novemba 2021, na ndipo Mei 2022 Argentina ikafungua mlango wa biashara. Ikiwa nchi iliyoibuni mbegu hii ilimsubiri mteja, kwa nini mkulima wa Kansas aitwe mwoga kwa kufanya vivyo hivyo?

Vyama vya wakulima wa ngano wa Marekani vinataka masoko makubwa yaridhie kabla mbegu haijauzwa. Nakubaliana navyo, ingawa najua kusubiri kuna gharama: kila msimu wa ukame unaopita, kuna anayeacha ngano na kugeukia zao jingine. Ningeongeza sharti moja. Mwenye mbegu asaini mapema kwamba mnunuzi akisimamisha ununuzi kwa sababu ya mbegu yake, atawafidia wote walioathirika, pamoja na majirani ambao hawakuipanda, bila kuwangoja waende mahakamani.