Kuchomoa spektra za DESI: njia nyepesi au ile nzito?

Wengi wakiisikia DESI, mradi wa kuchora ramani ya galaksi, wanawaza zile roboti 5,000 zinazosogeza ncha za faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mwanga) mpaka kila moja ikae kwenye galaksi yake, pale kwenye darubini ya Mayall ya mita 4, Kitt Peak, Arizona. Sawa, ni kazi kubwa, ila kwangu mtihani wenyewe unaanza baada ya picha kupigwa. Faiba 500 zinaingia spektrografu moja, yaani chombo kinachotawanya mwanga kwa rangi zake, kila moja inaacha mstari mwembamba kwenye picha, mistari imebanana kweli kweli, na hapo ndo unatakiwa utoe spektra 500 (kiasi cha mwanga kwa kila rangi, moja kwa kila faiba) bila mwanga wa huyu kuhesabiwa kwa jirani yake.

Njia nyepesi ni ya mwanaastronomia Keith Horne, ya 1986: inaenda safu kwa safu za pikseli, zile zenye mwanga mwingi zinapewa uzito, za pembeni zilizojaa kelele zinapunguziwa. Ni nyepesi na haikusumbui. Shida ni kwamba inachukulia rangi moja inakaa safu moja, wakati doa ambalo mwanga wa rangi moja unaacha kwenye picha lina mikia na limepinda, linamwagikia safu za juu na chini.

2010 wanaastronomia Bolton na Schlegel wakaja na hesabu nyingine, hiyo ndo njia nzito: tengeneza modeli ya doa zima, kwa upana na urefu, halafu tafuta ni spektra zipi zingezaa picha hii hii uliyonayo. DESI wakaichukua hiyo. Lakini matriki zake (majedwali ya namba) ni kubwa mno, inabidi picha ikatwe vipande vipande na kupelekwa kwenye GPU, chipu zinazofanya hesabu nyingi kwa mpigo, na modeli ya doa ikikosewa kidogo tu spektra inatoka na mawimbi ya uongo.

Kwa nyota angavu mimi sioni haja, Horne anatosha kabisa. Ila galaksi hafifu ni habari nyingine, mstari wa oksijeni, yaani rangi maalumu inayotolewa na gesi hiyo, wa nanomita 372.7 ukitoka kwenye redshifti (kipimo cha mawimbi ya mwanga kurefushwa na kutanuka kwa ulimwengu) ya 1.6 unafika kwetu karibu nanomita 970, na huko hewa yetu wenyewe inawaka kwa hidroksili (molekuli ya oksijeni na hidrojeni), sasa ukiondoa mwanga wa anga bila kujua umbo la doa yanabaki mabaki yanayofanana kabisa na mstari wa galaksi! Wanaosema modeli inaweza kukosea wana hoja, ila doa linapimika: taa za kalibresheni, ambazo rangi zake zinajulikana, zinapigwa picha, na hiyo mistari ya anga inayosumbua ndo inatumika kurekebisha modeli kwenye kila picha.