Historia ya mwanamke wa Kusini: uwanjani au unyagoni?

Mwaka juzi nilihudhuria sherehe za Siku ya Wanawake Duniani katika wilaya moja ya mkoa wa Mtwara, nikapata kiti nyuma ya bibi mmoja wa Kimakonde aliyeletwa kutoka kijijini ili, kama ratiba ilivyosema, awakilishe mila. Usoni alikuwa na nembo, yaani chale za urembo, na mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndona, pambo la mdomoni, ingawa ndona yenyewe alikwisha kuiacha zamani. Alivalishwa kanga ya sare ambayo bado ilikuwa na ugumu wa dukani, akapigwa picha mara nyingi kuliko mgeni rasmi. Kisha zikaja hotuba. Zilitaja wafanyakazi wa viwandani New York, mkutano wa Copenhagen wa mwaka 1910 na pendekezo la Clara Zetkin la kuwa na siku hii, na azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1977. Kikundi cha ngoma kikacheza sindimba, ngoma ya Wamakonde, kwa dakika tano zilizopangwa, watu wakashangilia, na ilipofika saa saba na nusu mchana bibi akarudishwa garini bila kushikishwa kipaza sauti hata mara moja.

Nimelifikiria tukio hilo kila ninaposikia mjadala ambao sasa unajirudia Mtwara na Lindi kila Machi inapokaribia. Wako wanaosema sherehe hizi zikuzwe na zijazwe historia ya wanawake wa hapa hapa, hasa mafundisho ya unyago, kabla wazee hawajaisha. Wako pia wanaosema mambo ya wanawake wa Kusini hayakuumbwa kwa ajili ya uwanja wa mpira, na kwamba kuyapeleka huko ni kuyaua huku tukipiga makofi. Nimewasikiliza wote, na ninaona kila upande una haki kwa nusu yake, kwa sababu neno "historia" katika mjadala huu limebeba vitu viwili. Ipo historia ya wanawake iliyotendeka hadharani na ikanyimwa jukwaa. Ipo nyingine ambayo wanawake wenyewe waliamua tangu awali kuifungia mlango. Sherehe zetu, kwa namna zinavyoandaliwa sasa, huonyesha ile ya pili na kunyamazia ile ya kwanza.

Tuanze na wanaotaka uwanja, kwa kuwa hoja yao mara nyingi hudharauliwa na watu wenye elimu wanaoona sherehe kuwa ni kanga na pilau tu. Kwa mwanamke wa kijijini siku hiyo si jambo dogo. Ni siku ambayo anaweza kuondoka nyumbani asubuhi bila kuulizwa anakwenda wapi, akakuta meza ya msaada wa kisheria, akasikia kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo na kwamba asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Akirudi kwenye kikoba chake, kikundi cha kuweka na kukopa, ana jambo la kusema. Zaidi ya hapo, kukaa kimya kuna gharama yake. Kisichotajwa mbele ya watu huhesabiwa kuwa hakikuwapo, na nimewahi kumsikia mwanamume mzima, tena msomi, akidai kwamba wanawake wa Kusini "hawana historia, wana ngoma".

Wanayo, na sehemu kubwa ya historia hiyo haina siri yoyote. Vita vya Majimaji vilianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, ndani ya mkoa wa Lindi wa leo, pale miche ya pamba ilipong'olewa mwezi Julai 1905. Tunamkumbuka Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyetoa dawa ya maji, na ni haki yake. Lakini jeshi la Wajerumani lilipochoma mashamba na maghala ili kuvunja upinzani kwa njaa, waliobaki na watoto na majivu walikuwa wanawake. Idadi ya waliokufa hutajwa kuanzia 75,000 kwa hesabu za Wajerumani hadi zaidi ya 250,000 kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi baada ya mapigano. Elimu ya kuchimba ming'oko, mizizi inayoliwa, porini, kuichagua na kuipika, ambayo leo tunaichukulia kama kitafunwa cha barabarani, ni elimu ya aina ile ile inayovusha kaya katika mwaka wa njaa. Wenzetu wa Songea, katika kumbukumbu zao za kila Februari, humtaja Nduna Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na viongozi wa Wangoni mwaka 1906. Sisi ambao vita vilianzia kwetu hatuna jina la mwanamke tunalolitaja jukwaani.

Au tuitazame Nachingwea. Ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na ndiko wanawake wa kwanza wa kikosi cha wanawake walikofundishwa kushika silaha mwaka 1967, Josina Machel akiwa miongoni mwao. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na hadi leo ng'ambo ya mto Ruvuma tarehe hiyo ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, sikukuu ya taifa zima. Upande huu, ambako mafunzo yalifanyika na ambako familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za mto, tarehe 7 Aprili ni mapumziko ya Siku ya Karume, na Josina hupita bila kutajwa. Kuna akina mama wenye umri mkubwa katika wilaya hizi waliopika, waliofua na waliopokea wakimbizi miaka hiyo, na kuwauliza hakuhitaji ruhusa ya kungwi.

Na ipo historia ya ardhi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote na ndiyo inayotajwa kwa nadra kuliko zote. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ni watu waliohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamume alipooa mara nyingi ndiye aliyehamia kwa wakwe, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyesikilizwa. Kisha ukaja mkorosho. Tofauti na mtama au muhogo, mkorosho hukaa shambani miaka mingi, na aliyeupanda anakuwa na dai ambalo haliishi msimu unapoisha. Kwa kuwa wapandaji wengi walikuwa wanaume, ambao wengi wao walitaka kuwarithisha watoto wao wa kuwazaa badala ya wapwa, shamba la ukoo wa mama likaanza kugeuka shamba la baba bila sheria yoyote kupitishwa na bila mkutano wowote kuitishwa. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, mipaka ya zamani ikavurugika zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini msimu wa korosho ukifunguliwa, angalia majina yaliyo kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika, kisha angalia ni nani wanaookota korosho chini ya mti. Mama mmoja wa Tandahimba aliniambia jambo hili kwa ufupi kuliko nilivyoliandika hapa: "Ardhi ya bibi yangu, mikorosho ya mume wangu."

Historia ya namna hii ikisomwa uwanjani mbele ya mkuu wa wilaya na viongozi wa ushirika, haitakuwa burudani. Labda ndiyo sababu haisomwi.

Sasa niwageukie wanaopinga uwanja. Hoja yao ya kwanza ni ya kalenda, na nashangaa kwamba haijibiwi. Mvua za Kusini ni za msimu mmoja, huanza Novemba na kuelekea ukingoni Aprili. Machi ni mwezi wa palizi, na kwa kaya nyingi ni mwezi ambao ghala limebaki vumbi. Ndio wakati ambao mnunuzi wa kangomba hupita nyumba kwa nyumba na fedha taslimu, akinunua kwa bei ya kutupa korosho ambazo bado hazijatoka hata ua. Mwanamke anayeitwa uwanjani siku hiyo anaacha jembe katika wiki ambayo jembe ndilo linalohitajika kuliko zote. Ngoma zake mwenyewe, kwa miaka mingi, zilingojea mavuno, chakula kikiwapo na nguvu za kucheza zikiwapo. Tarehe ya dunia hatuwezi kuihamisha, lakini hakuna aliyetulazimisha kuifanya iwe siku pekee ya mwaka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu mlango uliofungwa. Katika kijiji kimoja karibu na Mikindani nilifuatana na vijana waliokuwa wakikusanya simulizi za wazee kwa simu zao. Bibi tuliyemkuta alikuwa akipepeta mchele. Alitupokea vizuri, akajibu habari za kilimo, za mume, za njaa na za safari. Kijana alipouliza walichofundishwa unyagoni, bibi aliweka ungo chini. "Kwanza wanaume watoke," alisema, na alituhesabu mimi na yule kijana mwenye simu. Tulitoka, tukakaa chini ya mwembe. Baadaye binti aliyebaki ndani alitueleza kwamba naye hakuambiwa kila kitu, kwa sababu hajachezwa unyago. Tulirudi mjini na simulizi yenye shimo katikati, na kwa kweli shimo lile lilikuwa taarifa kamili kuhusu nani mwenye mamlaka juu ya nini.

Mamlaka hayo yamejaribiwa mara nyingi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi, Newala hadi Mikindani na kamera na fonografu, akajipenyeza kushuhudia sherehe za wasichana, akaondoka na picha, vifaa na sauti za watu wa nyanda hizi. Baadaye Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi tangu 1926, alijaribu kuzivika mila za jando na unyago vazi la Kikristo, na ilidhihirika kwamba upande wa wavulana ulikubali kuingia kanisani kwa urahisi kuliko ule wa wasichana, ambao makungwi hawakuwa tayari kuukabidhi kwa mtu. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, sindimba ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa ikawa burudani ya kukaribisha wageni. Viuno vilibaki, maana ya viuno ikaachwa kijijini. Mwaliko wa leo wa uwanjani, hata ukija na nia njema, umepanga foleni nyuma ya hao wote.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mlango uliofungwa ni mtakatifu kwa kuwa tu umefungwa. Mafundisho ya unyago yana usafi, heshima, uvumilivu na elimu ya mwili ambayo shule haikuwahi kuitoa kwa lugha inayoeleweka. Lakini msichana wa darasa la tano anayetolewa ndani akiwa ameambiwa kwamba sasa amekua, wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, aliwekwa njia panda. Vifungu hivyo Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Walimu wa Kusini wanajua madawati yaliyobaki wazi. Makungwi kadhaa niliozungumza nao wanalijua pia, na baadhi yao wamepunguza siku na kusogeza umri wenyewe, bila kuitiwa semina. Mabadiliko hayo nayo ni historia ya wanawake, na waliyafanya ndani.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wapenzi wa uwanja wanapaswa kuipima. Kumbukumbu inayotunzwa na wenye madaraka hufuata hali ya hewa ya madaraka. Bibi Titi Mohamed alizunguka nchi nzima akiijenga TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, akaongoza wanawake, kisha akakamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na kuachiwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake lilipungua katika vinywa vya watu rasmi, kisha likarudi hadi likapewa barabara kubwa Dar es Salaam. Mwanamke alikuwa yule yule muda wote.

Kwa hiyo ningewaomba waandaaji wabadilishe mpangilio. Nandete, Nachingwea na mikorosho vipewe kipaza sauti, tena kwa saa nzima, hata kama mgeni rasmi ataangalia saa yake. Ya unyagoni yaachwe kwa makungwi, kwa wakati wao baada ya mavuno, na kama wao watapenda yaandikwe, yaandikwe na binti zao.

Nimeliona jambo hilo likifanyika kwa udogo wake. Mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke, aliwatuma wasichana wa klabu yake wakawahoji bibi zao wakati wa likizo ya Juni. Waliporudi walinakili yote katika daftari moja kubwa la jalada gumu. Nilipoomba kulisoma alinipa, na nikakuta habari za njaa, za kuhama, za soko la Mahuta, za mume aliyekwenda kukata mkonge asirudi. Katikati kulikuwa na kurasa kumi na mbili zilizobanwa pamoja kwa pini pande tatu, na juu yake mwanafunzi ameandika kwa kalamu nyekundu: "Bibi amesema wasome wanawake tu." Nililirudisha daftari pini zikiwa kama nilivyozikuta.