Kabla ya kuta za banda, hesabu fito

Banda la kuku wa nyumbani kwa kawaida hupimwa kwa sakafu: upana huu, urefu huu, kuku kumi na wawili watatosha. Kwa maoni yangu makosa huanzia hapo. Jua likizama kuku hutafuta pa kupanda. Asipopata, atalala kwenye viota na kuvichafua, au wote watajazana pembeni juu ya kinyesi chao mpaka asubuhi. Anayejenga aanze na fito za kulalia, kuta zifuate.

Kuku mmoja wa kienyeji mpe sentimita 20 za ufito. Wazito kama Kuroiler na Sasso, 25 hadi 30. Kuku 12 wa kienyeji wanahitaji sentimita 240, yaani fito mbili za mita 1.2. Ufito wa kwanza ukae sentimita 30 kutoka ukutani, la sivyo mikia itasugua ukuta na kukatika; wa pili uwe sentimita 35 mbele yake. Ziwe kimo kimoja. Wengi hupenda kuzipanga kama ngazi, lakini kuku wote hukitaka kidato cha juu. Kila magharibi utasikia vurugu, wanyonge wakisukumwa chini, kisha waangukiwe na kinyesi usiku kucha.

Kienyeji wanamudu sentimita 60 hadi 90 kutoka sakafuni. Wazito wasizidi 45, maana wakiruka huumia mfupa wa kidari na nyayo. Unyayo ukichubuka uchafu huingia, hapo unapata jipu gumu lenye kigaga cheusi katikati na kuku anayechechemea. Kwa vyovyote vile, fito ziwe juu kuliko viota.

Mbao nzuri ni papi, ile ya inchi mbili kwa mbili, kingo zake zikipigwa randa na msasa. Kuku akilala huchuchumaa, manyoya ya tumbo yakafunika vidole; ufito mwembamba kama fimbo humbana kidarini. Bomba la chuma huteleza, na kwa baridi ya Njombe mwezi wa Julai ni kumtesa. Mianzi siipendi kabisa kwa sababu ya tundu lake: ni nyumba ya utitiri.

Na utitiri ndio unaowashinda wengi, kwa kuwa mchana hauonekani. Hujificha kwenye nyufa na maungio ya mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Ukiona kuku wanagoma kuingia bandani jioni, upanga wa kichwani umepauka na mayai yamepungua, usikimbilie dawa ya kunywesha. Subiri saa tatu usiku, chukua kitambaa cheupe, kipitishe chini ya ufito ukikikandamiza. Vidoa vyekundu vikibaki kitambaani, hiyo ni damu ya kuku wako.

Ndiyo maana ufito usipigiliwe misumari. Chonga pengo kwenye mbao mbili za ukutani, ufito uketi humo, uweze kuutoa kila wiki, kuumwagia maji yanayochemka hasa kwenye ncha, na kuuanika juani. Yale mapengo nayo yamwagie. Msumari ukishaingia, hakuna atakayeung'oa kila Jumamosi.

Chini ya fito tandaza maranda au pumba za mpunga, uzoe kila baada ya siku mbili tatu, maana kinyesi kingi huangukia hapo. Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku, karibu na paa, kupitia wavu wa matundu madogo asimopenya kicheche. Kuipima, ingia alfajiri kabla hujafungua madirisha, uchuchumae kichwa kikiwa usawa wa fito. Macho yakiwasha, kuku wameivuta amonia hiyo, hewa kali ya kinyesi, usiku mzima, na mafua hayako mbali.

Vifaranga waliolelewa chini hawajui kupanda. Kuanzia wiki ya tano wawekee ufito wa sentimita 15 kutoka sakafuni, giza likiingia uwapandishe kwa mkono usiku tatu au nne mfululizo. Wakizoea, watapanda wenyewe.