Linganisha Tumbaku, Usilinganishe Pete

Wapenzi wengi wa siga, nikimaanisha zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku, huanza mazungumzo yao na Kuba na kuyamalizia hukohuko. Ukiwauliza sababu, watakutajia udongo wa Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río, watakutajia Cohiba, siga maarufu ya huko, kisha watakutajia bei. Mimi naipenda siga ya Havana na sina nia ya kuivunjia heshima. Ninachokipinga ni mazoea ya kuipa ushindi kabla haijawashwa, kwa sababu tu ya ile pete ya karatasi iliyovishwa shingoni mwake.

Chukua Montecristo. Jina hilo lilianzishwa Havana mwaka 1935, na hadi leo limebandikwa kwenye bidhaa mbili zisizo na undugu. Serikali ya Fidel Castro ilipotaifisha viwanda vya tumbaku mwaka 1960, wamiliki na mafundi wengi waliihama nchi, na vikwazo vya mwaka 1962 vikaifungia siga ya Kuba mlango wa soko la Marekani. Ndiyo maana leo kuna Montecristo ya Kuba, na kuna nyingine inayosokotwa La Romana, katika Jamhuri ya Dominika, kwa ajili ya Wamarekani. Romeo y Julieta, H. Upmann, Partagás na Cohiba nazo zina pacha wa namna hiyo, na pacha wa Cohiba wamekuwa wakigombaniwa katika vyombo vya sheria vya Marekani tangu mwaka 1997.

Ziweke hizo Montecristo mbili mezani. Ile ya La Romana, katika toleo lake la kawaida, imevaa jani la nje la aina iitwayo Connecticut, la rangi ya dhahabu iliyofifia, lililokuzwa chini ya kitambaa chepesi cha kivuli ili jua lisilikomaze sana, na moshi wake ni mwororo, wenye ladha ya karanga na maziwa. Ile ya Kuba, tuseme Na. 4, ni fupi, milimita 129, jani lake limekolea zaidi, na inaanza na mwerezi na kahawa kabla ya kuleta ukali kidogo wa pilipili manga nyuma ya ulimi ikifika katikati. Anayesema moja ni nakala mbovu ya nyingine hajazivuta, amesoma pete tu.

Ladha hizo hazitoki kwenye jina. Siga ina jani la nje, jani la kufungia, na majani ya ndani, na hayo ya ndani huchaguliwa kulingana na mahali yalipoota kwenye mche. Ya chini, volado, husaidia siga iwake vizuri. Ya kati, seco, hutoa harufu. Ya juu, ligero, yaliyopigwa na jua kuliko mengine, yana nguvu na huungua polepole, kwa hiyo fundi huyaweka katikati kabisa. Majani hukaushwa kwa hewa mabandani, kisha hurundikwa ili yachachuke na kupoteza ukali wa amonia. (Watani zangu wa Tabora huniuliza kwa nini tumbaku yao haimo katika mazungumzo haya. Jibu ni kwamba ile hukaushwa haraka kwa moto wa mabani, yale majengo ya kukaushia, kwa ajili ya viwanda vya sigara za kawaida, na kazi yake ni nyingine.) Mkulima au kiwanda kikiharakisha hatua yoyote kati ya hizo, hakuna pete itakayoificha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kuba yenyewe iliongeza uzalishaji mno kulifuata soko, na wavutaji wa wakati huo wanazikumbuka siga zilizobana moshi usipite, hadi mashavu yakauma kwa kuvuta.

Kwa hiyo mimi hulinganisha kwa masharti. Siga ziwe za umbo moja, maana unene hubadilisha kila kitu: ile nene ina majani mengi ya ndani ukilinganisha na jani lake la nje, na moshi wake hupoa kuliko wa nyembamba, hivyo kuishindanisha Robusto, ambayo ni nene, na Corona, ambayo ni nyembamba, ni kuonea mmojawapo. Ziwe zimekaa sanduku moja kwa muda wa kutosha. Pete zivuliwe na mtu mwingine, nisijue ipi ni ipi. Nimeona watu wenye maneno mengi wakinyamaza ghafla pete zinaporudishwa, na hilo halinishangazi, kwani macho huuambia ulimi la kusema.

Suala la kuhifadhi linatuhusu sisi wa pwani kuliko wengi. Siga hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na Dar es Salaam unyevu haukosekani. Tatizo kubwa ni joto. Likipanda juu ya nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha ndani ya jani huanguliwa, na unakuta vitundu vidogo vya mviringo, kama vilivyotobolewa kwa sindano, na unga mwembamba chini ya sanduku. Anayeonja siga iliyopikwa na joto la Februari kisha akatoa hukumu juu ya siga zote za Nikaragua anaonea watu bure. Hukumu hiyo ni ya kabati lake.

Na tukiwa Nikaragua, hapo ndipo msimamo wangu unaposimama. José Orlando Padrón, Mkuba aliyehama baada ya mapinduzi, alianza kusokota siga Miami mwaka 1964, na familia yake baadaye ikajikita Estelí, mji wa Nikaragua. Siga yao ya 1964 Anniversary, yenye umbo la pembe nne na tumbaku iliyokaa miaka minne kabla ya kusokotwa, huwaka sawasawa na kuleta ladha ya kakao na kahawa bila kuyumba kutoka sanduku hadi sanduku. Kuba imenipa siga bora kuliko hiyo; imenipa pia mbovu kuliko hiyo, kwa bei kubwa zaidi, hasa baada ya bei za Cohiba na za siga nyingine ya Kuba iitwayo Trinidad kupandishwa vikali mwaka 2022.

Simshauri asiyevuta aanze. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na saratani ya kinywa haijali kama moshi uliumeza au uliutema. Mimi huvuta mara chache, na uchache huo ndio unaonifanya mchoyo wa kuchagua.

Nikipewa Cohiba nitashukuru na kuivuta taratibu. Fedha ikitoka mfukoni mwangu nanunua Padrón, na chenji ikitosha naongeza siga iitwayo Arturo Fuente Hemingway, ile fupi, iliyovishwa jani jembamba la Kameruni lenye vipele vidogo unavyovihisi kwa kidole, jani la Afrika ambalo wengi wa wanaoimba Havana hawajawahi kulitaja.